Maua ya Kufuma Yamo Nyumbani Mwetu

Naandika kutoka Dabaso, hapa baina ya magofu ya Gede na hori ya Mida. Mhariri wa jarida hili alitutaka wanachama tuandike juu ya kazi tunayoijua kwa mikono yetu wenyewe, si ya kusikia. Wenzangu wengine wamechagua ufugaji wa kuku na upishi wa mahamri. Mimi nimechagua kufuma. Najua wapo watakaocheka waseme ati, "Sweta ya nini huku pwani, na jasho linatutoka hata mwezi wa Julai?" Waache wacheke. Wakimaliza waende kwao wakatazame makochi ya sebuleni, meza, redio, hata mtungi wa maji ya kunywa. Vile vitambaa vyeupe vilivyofunika vyote hivyo havikuota kama uyoga. Kuna mtu aliketi akavifuma.

Lengo langu si kuwafundisha namna ya kushika sindano, kwa maana hilo halijulikani kwa kusoma. Nataka kujibu swali ambalo wasichana wa darasa letu huniuliza kila mara: "Wewe hayo maua unayatoa wapi?" Wanadhani nimeficha kitabu cha Wazungu chini ya godoro. Sina kitabu. Maua yenyewe yamo humu humu nyumbani, na mtu wa kukuelekeza aghalabu yumo pia, ila hajaulizwa.

Kwanza tuelewane. Kuna kufuma kwa sindano mbili, kazi ya sweta na soksi. Halafu kuna kufuma kwa sindano moja yenye ndoano kichwani, na hii ndiyo inayotufaa sisi watu wa joto kwa sababu hutoa kitambaa chepesi chenye matundu. Sindano yangu ni spoku ya baiskeli iliyosuguliwa kwa tupa mpaka ikapata ndoano na ikawa laini isikwaruze uzi. Uzi wa pamba huuzwa dukani. Ukikosa pesa, fumua sweta kuukuu, uzi uuzungushe kwenye mgongo wa kiti, uufunge pande mbili tatu, uuloweke, kisha uuanike huku umening'iniza jiwe chini yake. Ile mikunjo yote itanyooka. Zamani watu walifuma hata kwa mifuko ya plastiki iliyokatwa kama utepe, lakini mifuko ile ilipigwa marufuku hapa Kenya Agosti 2017, kwa hivyo hiyo tuiache.

Sasa maua. Mwalimu wangu wa kwanza ni baba mdogo, naye ni mvuvi wa Mida ambaye hajawahi kushika kitambaa cha kochi isipokuwa kukikalia. Mtazame anapotengeneza wavu. Ana sindano yake ya mti iliyojazwa uzi na ana kibao kidogo anachokipitisha katika kila tundu. Kibao hicho ndicho kinachofanya macho yote ya wavu yalingane. Basi vitambaa vyetu vya miraba ni wavu vilevile. Hata huko Ulaya vilitokana na kuiga lasi ya wavu, na jina ambalo Wafaransa waliupa ufumaji huu, filet, maana yake ni wavu. Kwa hiyo wale wavulana wanaotucheka wakumbuke kwamba baba zao wanafuma pia, tena vitu vikubwa kuliko vyetu.

Hesabu yake ni rahisi. Kitambaa cha miraba kina miraba ya aina mbili, mtupu na uliojaa. Mraba mtupu una nguzo moja huku na moja kule, na katikati yake vitanzi viwili vya hewa. Mraba uliojaa, badala ya vitanzi hivyo viwili, hutiwa nguzo mbili. (Nguzo ni jina la nyumbani kwetu la ule mshono mrefu.) Kila mraba hula vitanzi vitatu, na mwisho unaongeza kimoja cha kufungia. Ukitaka miraba 31 kwa upana, zidisha kwa 3 upate 93, ongeza 1, ni 94, kisha vitano vya kupandia safu ya kwanza ikiwa inaanza na mraba mtupu. Mimi hupenda idadi witiri kama 31 ili ua lipate kati yake. Na hapo ndipo daftari la hesabati lenye miraba linapokuwa na faida kuliko ile mwalimu aliyokusudia: mraba uliojaa unaupaka kalamu ya risasi, mtupu unauacha. Chochote utakachoweza kukichora katika miraba, utaweza kukifuma.

Na cha kuchora hakikosi. Hebu fungua sanduku la leso la mama. Leso ina pindo pembeni, mji katikati, na jina, yaani yale maneno. Kitambaa cha meza kinaweza kufuata mpango huohuo, na mfumaji asiye na wazo hupata mahali pa kuanzia: anza na pindo. Kisutu, ile leso ya harusi nyeusi, nyekundu na nyeupe, vialama vyake vimepangwa safu kwa safu kama askari wa gwaride, ni kama kilichorwa kwa ajili ya miraba. Ua la korosho nalo, lililopinda kama mkia wa jogoo, ni gumu kidogo kwa sababu miraba haipendi kitu cha mviringo. Litake kubwa, miraba kama 20 kwenda juu, la sivyo litafanana na kiatu. Hata jina la leso laweza kufumwa. Nimeona kitambaa kilichoandikwa KARIBU kwa matundu matupu, na kikatandikwa juu ya kiti chenye rangi nyekundu neno likasomeka toka mlangoni.

Mkeka pia usiudharau. Akina mama wanaosuka ukili wa miyaa huhesabu chane walizotia rangi, nyeusi ngapi, ngapi zisizo na rangi, na pembetatu zinajitokeza zenyewe. Waulize ile hesabu yao. Kofia ya viua ina somo jingine, somo la duara. Ukifuma duara kwa mshono mfupi, anza na mishono 6, raundi ya pili iwe 12, ya tatu 18, ya nne 24, yaani kila raundi unaongeza 6. Hapo duara litalala mezani kama sahani. Ukiacha kuongeza, pembeni patasimama, na umeshaanza kofia. Ukizidisha, patakuwa na mawimbi kama ukingo wa gauni la bibi harusi. Wengine wanayataka mawimbi hayo, mimi siyapendi.

Sisi wa Dabaso tuna bahati zaidi. Gede ni karibu. Mahali pale palihamwa karne ya 17, James Kirkman akaanza kupachimba mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO ikapaingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Watu huenda kupiga picha na kima. Mfumaji aende na daftari achore tao za milango zilizochongoka juu, maana zikipangwa nyingi kwa mstari ni pindo tayari. Kuna nyumba pale iitwayo Nyumba ya Mkasi kwa sababu ya mkasi uliochimbuliwa humo, na mimi kila nikipita najiuliza ulikuwa ukikata uzi gani. Palepale kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993, ambapo wakulima wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hupeleka viluwiluwi vya vipepeo. Mabawa ya kipepeo ni sawa kulia na kushoto: chora nusu, nusu ya pili igeuze tu.

Lakini msomaji ataniuliza, nikishapata ua, nikikwama nani ataniongoza? Hapa nitasimulia kidogo.

Mwaka juzi shangazi yangu, dada yake baba, alifariki. Alikuwa ameshika kazi ya seti ya makochi, kitambaa kikubwa kimoja na vidogo sita. Mteja alikuwa amelipa nusu, na nusu hiyo ilikuwa imeshaingia katika karo na unga. Tulipofungua mfuko wake tukakuta kile kikubwa na vidogo vitatu vimekamilika. Cha nne kilikuwa kimefika nusu, sindano bado imo ndani ya kitanzi. Wazee wakasema mteja arudishiwe pesa zake. Pesa zenyewe ziko wapi? Hakuna aliyejua ua lile, na shangazi hakuacha hata karatasi. Nyanya ndiye aliyesema, "Mwacheni mtoto akisome. Kitambaa chenyewe kinasema."

Na kweli kinasema, ukijua kukisikiliza. Nilitandaza kimoja kilichokamilika juu ya leso nyeusi ili matundu yaonekane. Nikapitisha uzi mwekundu kila baada ya safu kumi nisipotee. Kisha nikahesabu mraba mmoja mmoja nikiuchora daftarini, mtupu, uliojaa, mtupu, siku tatu nzima. Sikufumua hata kitanzi. Mchoro ulipokamilika niliulinganisha na kile cha nusu, safu kwa safu, na vikakubaliana. Iliyobaki ilikuwa ni mkono. Shangazi alikuwa akivuta uzi kwa nguvu, na mimi mkono wangu ni mlegevu kuliko wake, kwa hiyo nilisugua spoku nyingine nyembamba zaidi na kufuma kipande cha miraba kumi kwa kumi, nikakipima juu ya chake mpaka vikatoshana. Jambo hili linafaa hata kwa asiyerithi kazi ya mtu: pima kabla ya kuanza, maana kitambaa kizima hakipunguzwi kama suruali.

Kulikuwa na jambo moja tu lililonisumbua. Katika kila kitambaa, pembe ya chini kushoto, palikuwa na mraba mmoja uliojaa ambao haukuwa na mwenzake upande wa kulia. Nyanya aliugusa kwa kidole akasema hiyo ni alama yake, alianza kuiweka tangu msichana. Basi cha nne, alichokianza yeye, alama yake imo. Cha tano na cha sita sikuitia. Mteja alipokuja alivitandaza vyote saba juu ya mapaja yake, akauliza vyangu ni vipi, nikamwonyesha. Alilipa nusu iliyobaki.

Nilisoma baadaye kwamba huko Ireland, viazi vilipoangamia kwa ugonjwa miaka ya 1840 na njaa ikaua watu wengi, wanawake walifundishwa kufuma lasi kwa sindano ya ndoano wakaiuza wakapata chakula. Familia nyingine zilikuwa na ua lao la siri, wakalificha jirani asiige. Nawaelewa, riziki ni riziki. Ila siri ya namna hiyo huzikwa na mwenyewe.

Simu nayo inasaidia, sikatai. Video za kufuma ni nyingi, mradi bando lisikate katikati ya safu. Tahadhari moja: mshono ambao Wamarekani huuita wa moja, Waingereza huuita maradufu. Kwa hiyo kabla ya kuanza jua kwanza anayesema ni wa wapi, au ufuate michoro ya alama, ambayo haina lugha. Video nayo haikushiki mkono. Nyanya hukushika.

Macho yake yameingia ukungu sasa, lakini vidole vinahesabu hata gizani. Kuna ua analoliita mkia wa taa, nalo hakuna mwingine kwetu anayelijua. Jioni yeye hufuma kidogo na kunitajia idadi, nami natia kalamu katika miraba kwa mwanga wa taa. Tumefika safu ya 17. Daftari liko wazi. Anayetaka kunakili aje wakati wa chakula cha mchana, aje na karatasi yake ya miraba na kalamu ya risasi, kwa sababu yangu imebaki kipande.