Kusamehe si kunyamaza

Katika Baba Yetu sisi wote, Wakatoliki na Waprotestanti, tunaahidi kusamehe. Lakini binti akibakwa, hatupatani. Wengine wanasema: pokeeni mbuzi, sameheni, yaishe katika familia. Wengine: sameheni, lakini kesi ifike tribinali.

Sisi tunashika neno la pili. Daktari Mukwege wa Panzi, mtoto wa mchungaji na mchungaji mwenyewe, aliyepewa Nobel mwaka 2018, ametibu na bado anadai haki. Sheria ya 2006 nayo inasema kulipa faini hakumalizi kesi ya ubakaji.

Mbuzi huliwa siku moja. Binti anakutana na yule mtu njiani kila asubuhi. Mama, kabla ya kumwambia asamehe, umsikilize kwanza.