Baba Askari, Mwana Jambazi: Picha za Bombay Zaingia Kamenu

Juzi nilikuwa Kamenu, mjini Thika, kwa dada yangu. Baada ya sala ya isha nikawakuta vijana wanne wamebanana juu ya benchi moja, macho yote kwenye simu moja. Nilidhani ni mpira. Kumbe ni picha ya Kihindi!

Sisi tuliokata tikiti katika senema za Naaz na Regal, Mombasa, tulizoea picha ya saa tatu, yenye nyimbo tele na harusi mwishoni. Hii ya vijana ni ya risasi, matusi na wanasiasa, nayo huletwa kwa intaneti, sehemu baada ya sehemu. Jina lake "Bambai Meri Jaan". Ilitolewa Septemba 2023 katika sehemu 10, na chimbuko lake ni kitabu cha mwandishi wa habari S. Hussain Zaidi kuhusu majambazi wa Bombay, mji ambao leo huitwa Mumbai.

Katika mtaa wa Dongri, wenye Waislamu wengi, ndiko alikokulia Dawood Ibrahim, ambaye serikali ya India inamtuhumu kupanga milipuko ya Machi 12, 1993, iliyoua watu 257. Mchezo umebadilisha majina. Dawood amekuwa Dara Kadri.

Jambo hili si geni. Amitabh Bachchan alipocheza kuli wa bandarini aliyegeuka mfanya magendo katika "Deewaar", mwaka 1975, nyuma yake alikuwapo Haji Mastan, aliyewahi kubeba mizigo katika bandari ya Bombay. Mastan wa kweli alitiwa ndani wakati wa hali ya hatari ya Indira Gandhi, akatoka, kisha akaunda chama cha siasa. Jana magendo, leo jukwaani!

"Mjomba, huyu Dara ni mwanamume!" akasema mpwa wangu.

"Na baba yake je?" nikamwuliza. Akanyamaza.

Basi hapo ndipo penye uzito. Baba huyo, Ismail Kadri, anayechezwa na Kay Kay Menon, ni askari polisi mwaminifu. Hata babake Dawood wa kweli alikuwa askari polisi. Kadri anapoteza kazi, na njaa inaingia nyumbani, ilhali wakubwa wa magendo wanaamkiwa kwa heshima. Mwana anatazama, anapima, anachagua. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Je, nyumba ikimlea hivi na mtaa ukamlea vingine?

Nasi watu wa Pwani tusiseme hayo ni ya Wahindi. Katika awamu ya pili ya mchezo mwingine, "Sacred Games", wa mwaka 2019, jambazi wa kubuni Ganesh Gaitonde anajikuta Mombasa yetu. Lakini mwaka huo huo tulikuwa na habari isiyo ya kubuni. Mnamo Agosti 2019 mahakama ya New York ilimhukumu Baktash Akasha kifungo cha miaka 25 kwa biashara ya dawa za kulevya. Januari 2020 nduguye Ibrahim akapewa miaka 23. Walikamatwa Mombasa Novemba 2014 pamoja na Mhindi Vijaygiri Goswami, wakapelekwa Marekani Januari 2017. Waendesha mashtaka wa huko walieleza jinsi maofisa wa Kenya walivyohongwa ili wasisafirishwe. Baba yao alikuwa amepigwa risasi Amsterdam mwaka 2000.

Wahindi wamethubutu kucheza hadithi yao, pamoja na wakubwa waliokula humo. Yetu imesimuliwa zaidi na mahakama ya ugenini.

Hata hivyo, picha hizi zina upungufu mmoja. Kamera humfuata jambazi na magari yake. Haimfuati teja aliyelala barazani alfajiri, wala mama anayeficha sufuria zisije zikauzwa. Mwenye kuujua mji wetu anazijua nyumba hizo.

Sisemi vijana wasitazame. Watazame mpaka mwisho, na wazee tukae nao benchini, tuulize: nani alikula, na nani aliliwa? Usiku ule Kamenu, sehemu ilipokwisha, mpwa wangu hakumsifu tena Dara. Aliuliza kama yule baba atarudishiwa kazi yake.

Mchuma janga hula na wa kwao.