Kuosha Miguu kwa Makini: Desturi ya Jioni kwa Mwenye Kisukari

Mkulima wa Kilosa anaporejea jioni kutoka shambani, huanza na miguu. Huchota maji, hujimwagia kata mbili, husugua nyayo juu ya jiwe, kisha huvaa ndala na kuingia ndani. Tendo hili limezoeleka mno hata mikono hulitenda peke yake, akili ikiwa kwenye bei ya mahindi. Kwa mwenye afya njema hakuna ubaya. Kwa mwenye kisukari, hapo ndipo kidonda hupita bila kuonekana.

Sukari inayokaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu, hasa ile mirefu inayofika vidoleni mwa miguu. Huanza ganzi, kisha maumivu hutoweka. Mwiba, msumari au kijiwe ndani ya kiatu huumiza bila mwenye mguu kujua. Mwaka 2005 Zulfiqarali Abbas na wenzake waliandika kuhusu wagonjwa wa kisukari nchini Tanzania waliong'atwa na panya miguuni. Asiyehisi haamki. Katika nyumba ambamo magunia ya mahindi hulala chumba kimoja na watu, habari hiyo si ngeni.

Kwa hiyo macho hayana budi kushika kazi iliyoachwa na ngozi. Haihitajiki shughuli mpya. Kuosha kule kule kufanywe polepole, mgonjwa akiwa ameketi, kungali na mwanga. Maji ya moto yapimwe kwa kiwiko, si kwa mguu. Kila kidole kishikwe, kila mwanya utazamwe na kukaushwa, kisha kisigino na unyayo. Asiyeweza kujikunja atumie kioo au amwombe mjukuu. Mwislamu anayetia udhu tayari hupitisha kidole kati ya vidole vya miguu. Kilichobaki ni kutazama. Sugu zisikatwe kwa wembe, na kidonda, hata kisichouma, kipelekwe kituoni siku hiyo hiyo.

Dereva wa lori anayelala Mikumi hana jiwe la uani wala saa maalumu. Yeye aambatanishe ukaguzi na kuvua viatu, popote avuapo, na akung'ute viatu kabla ya kuvivaa tena. Asikate tamaa mapema: utafiti wa Phillippa Lally na wenzake, London, ulionyesha kuwa tabia mpya huzoeleka kwa wastani wa siku 66, wengine wakihitaji zaidi ya 200.

Mhudumu naye ana desturi yake ya kurekebisha. Kupima sukari, kuandika dawa na kumwaga mgonjwa akiwa bado amevaa viatu ni nusu ya kazi. Zahanati isiyo na kifaa inaweza kutumia kidole: mgonjwa afumbe macho, aguswe kwa wepesi, sekunde moja au mbili, kwenye ncha za kidole gumba, cha kati na cha mwisho, miguu yote miwili. Akishindwa kuhisi mara mbili au zaidi kati ya sita, miguu hiyo imeanza kupoteza hisia, na apewe rufaa.