Uyoga Hujenga Kinga ya Mwili, Lakini Si Kila Uyoga Huliwa

Mvua za masika zinaponyesha, uyoga huchipuka kwenye vichuguu na kandokando ya mashamba, na familia nyingi hutoka alfajiri kwenda kuuchuma. Sokoni nako huuzwa uyoga uliokuzwa na wakulima. Wapo pia wachuuzi wanaonadi unga wa uyoga kama dawa ya kuongeza kinga. Makala haya yanaeleza kile ambacho uyoga unaweza kuufanyia mwili, na kile usichoweza.

Kinga inahitaji chakula

Chembechembe nyeupe za damu ndizo askari wa mwili dhidi ya vijidudu. Mwili hutengeneza mpya kila siku kutokana na kile tunachokula. Asiyekula vizuri huugua kwa urahisi na huchelewa kupona.

Hapo ndipo uyoga unapofaa. Una protini, vitamini za kundi B, na madini kama seleniamu na shaba, ambayo chembechembe za kinga huyahitaji ili zifanye kazi sawasawa. Pia una nyuzinyuzi ziitwazo beta-glukani. Katika maabara, nyuzinyuzi hizo zimeonekana kuziamsha chembechembe za kinga, ila haijathibitishwa kwamba kula uyoga humzuia mtu kupata ugonjwa fulani.

Jua nalo huongeza faida. Uyoga mbichi ukikatwakatwa na kuanikwa juani wakati wa adhuhuri, hata kwa nusu saa, hutengeneza vitamini D, ambayo ni adimu katika vyakula vingi.

Hata hivyo, uyoga pekee hautoshi. Karibu asilimia 90 ya uyoga mbichi ni maji, na vitamini C yake ni kidogo sana. Uandae pamoja na sukuma wiki, mchicha au kunde, na ule matunda kama mapera, maembe au machungwa. Usiache maharagwe, samaki au mayai kwa sababu umepata uyoga.

Namna ya kuuandaa

Nunua uyoga mkavu, usio na utelezi wala harufu mbaya. Uoshe haraka kwa maji safi bila kuuloweka, kisha uukaange au uuchemshe hadi uive kabisa, kwani ukiwa mbichi ni mgumu kusagika tumboni. Anayeula kwa mara ya kwanza aanze na kiasi kidogo, maana wapo wenye mzio wa uyoga.

Tahadhari na uyoga wa porini

Baadhi ya uyoga wa porini una sumu inayoua, na unaweza kufanana sana na ule unaoliwa. Si kweli kwamba uyoga ulioliwa na wadudu au wanyama ni salama kwa binadamu. Wala si kweli kwamba kitunguu au kijiko cha fedha hubadilika rangi kikikutana na sumu. Sumu kali zaidi haiondoki kwa kupikwa wala kwa kukaushwa. Ukiwa na shaka hata kidogo, uache. Watoto wasiende kuuchuma peke yao.

Sumu hiyo huchelewa kujionyesha. Mtu anaweza kukaa saa 6 hadi 24 kabla ya kuanza kutapika na kuharisha. Baadaye huonekana amepata nafuu, kumbe ini linaendelea kuharibika. Anayeugua baada ya kula uyoga wa porini apelekwe hospitalini mara moja, pamoja na wote waliokula naye, hata kama hawajahisi lolote. Bebeni mabaki ya uyoga huo ili wahudumu wa afya wauone.

Uyoga si dawa

Mgonjwa wa kifua kikuu au wa kisukari, na anayeishi na virusi vya Ukimwi, asiache dawa zake kwa ajili ya unga wa uyoga. Watoto nao waendelee kupelekwa kliniki kupata chanjo. Kabla ya kutumia unga au vidonge vya uyoga, zungumza na mhudumu wa afya ya jamii kijijini kwenu au utembelee kituo cha afya kilicho karibu.

Kula uyoga unaoujua, upike uive, na uendelee kufuata maagizo ya daktari.