Kompyuta ikizima ovyo, chunguza vumbi kwanza

Je, kompyuta yenu ya nyumbani hujizima yenyewe saa nane mchana, kisha saa nne usiku ikafanya kazi barabara kana kwamba haijawahi kuugua? Kama mnaishi Voi, Maungu au Taveta, wekeni kando kwanza hofu ya virusi. Tazama nje ya dirisha. Vumbi lile lile linalowafanya ndovu wa Tsavo waonekane wekundu ndilo linaloingia sebuleni na kujilaza ndani ya mashine.

Wengi wetu hukimbilia kwa fundi, naye fundi hukimbilia kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Unalipa, unarudi nyumbani, na baada ya wiki mbili ugonjwa ni ule ule. Na zile picha za harusi? Na mradi wa kijana wako aliye mwaka wa nne pale Chuo Kikuu cha Taita Taveta? Vimekwenda na maji. Kwa hivyo kazi ya kwanza, kabla hujagusa hata skrubu moja, ni kunakili vitu vyenu vya thamani kwenye flashi au diski ya nje. Mashine inayozimazima leo huenda isiwake kesho.

Sasa turudi kwenye vumbi. Prosesa, yaani kile kijidude kinachofanya hesabu zote, hupata moto kinapofanya kazi. Juu yake pana kipande cha chuma chenye mapezi membamba, na feni ya kupuliza joto hilo litoke. Vumbi likijaa kati ya mapezi hugeuka blanketi. Prosesa nyingi hujipunguzia mwendo zinapokaribia nyuzi 90 hadi 100, na joto likizidi hapo mashine hujizima ili isiungue. Kule Wundanyi, milimani, ubaridi wa chumba huisaidia feni. Lakini Voi mwezi wa Februari, joto la nje likiwa limepita nyuzi 30, ndani ya chumba cha mabati kisicho na dari, feni hiyo hupuliza hewa ambayo tayari ni moto. Usishangae basi kompyuta iliyotulia kwa shangazi Wundanyi ikianza vituko mara tu inapoteremshwa mjini.

Na hapa wenye nyumba watanisamehe. Vile vitambaa vya kufumwa hupendeza sana juu ya televisheni na kompyuta, lakini kukiacha juu ya kompyuta iliyowashwa ni sawa na kumfunika mwenye homa kwa mablanketi matatu. Kifunike chombo kikiwa kimezimwa. Kiondoe sakafuni pia, kwa maana ufagio wa asubuhi hulirusha vumbi lote kwenye matundu yake.

Kusafisha si kazi ngumu. Zima, chomoa waya ukutani, fungua ubavu wa kompyuta ya mezani, kisha gusa chuma cha boma lake ili umeme ulio mwilini mwako usiunguze vipuri. Tumia brashi ya rangi iliyo safi na kavu, huku ukiizuia feni kwa kidole isizunguke. Usiende kupulizia kwa pampu ya gereji, kwani mara nyingi hewa yake huwa na maji. Na lile sanduku la chuma linalopokea umeme usilifungue kamwe: hubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa. Vipakatalishi ni vigumu kufungua, hivyo mwachie fundi, lakini usivitumie juu ya godoro.

Labda kwenu haizimi wakati wa jua kali, bali jokofu linapoanza kunguruma au jirani anapowasha mashine ya kuchomelea vyuma. Hapo mshukiwa ni stima. Umeme wa nyumbani hapa Kenya unastahili kuwa volti 240. Ukishuka ghafla, kompyuta ya mezani hujizima. Mtakumbuka usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, stima zilipopotea karibu nchi nzima. Hatari nyingine huja stima zinaporudi kwa kishindo, kwa hivyo chomoeni mapema. UPS, kile kisanduku cha betri, hugharimu pesa, lakini mimi ningekinunua kabla ya spika mpya.

Ikiwa joto na stima havina hatia, soma kiwambo kinapogeuka samawati. Nakili maneno yote kwenye daftari, pamoja na saa. Yakibadilika kila mara, shuku kumbukumbu: chomoa kile kibao chembamba, safisha meno yake polepole kwa raba, kirudishe hadi kilie ‘tak’. Windows ina kipimo chake cha kumbukumbu. Andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia. Yakiwa yale yale, tena yalianza baada ya kuweka printa au programu mpya, iondoe hiyo. Tarehe 19 Julai 2024 hitilafu katika programu ya usalama ya kampuni ya CrowdStrike iliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, wala halikuwa kosa la vumbi. Lakini ukisikia diski ikigonga tik-tik, acha majaribio yote. Okoa faili zako tu.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha ngoja siku mbili tatu. Ukibadilisha vitano kwa pamoja hutajua kilichoponya.

Na ikibidi kumwendea fundi, mpelekee lile daftari. Mwulize amepima joto? Amepima kumbukumbu na diski? Kipuri akitakachobadilisha akupe cha zamani mkononi. Akikujibu kwamba dawa ni Windows mpya tu, kabla hata hajafungua mashine, beba kompyuta yako utafute kibanda kingine.