Salfa ya meli yapungua, radi nazo zapungua

MFANYABIASHARA aliyeagiza kontena la bidhaa kutoka China mwaka 2020 huenda alishangaa kukuta gharama ya usafirishaji imeongezewa tozo ya mafuta. Tozo hiyo ilitokana na kanuni mpya ya mafuta ya meli, ambayo matokeo yake yameonekana hata mawinguni.

Meli za mizigo kutoka China kuja Mombasa na Dar es Salaam hupita Singapore na mlango bahari wa Malacca, pamoja na zile zinazokwenda Ulaya. Kwa miaka mingi zilichoma mafuta mazito yenye salfa nyingi, salfa ambayo wakulima wa Mtwara na Lindi huipulizia mikorosho. Ikiungua hutoka na moshi, kisha hugeuka chembe ndogo mno angani.

Hewa ya baharini ikiwa safi, mvuke hushika kwenye chembe chache, matone hunenepa na kuanguka mapema. Penye moshi chembe ni nyingi, kila tone hupata maji kidogo na kubaki jepesi. Upepo hulipandisha juu kwenye baridi kali, linaganda. Vipande vya barafu vikigongana huzalisha umeme, na hapo radi hupiga.

Aliyegundua jambo hili ni Katrina Virts wa NASA, Marekani. Akitazama ramani ya radi, aliona mstari ulionyooka ukikatiza Bahari ya Hindi. Radi hazijipangi hivyo zenyewe. Mstari ule ulikuwa njia ya meli. Mwaka 2017 yeye na Joel Thornton wa Chuo Kikuu cha Washington walichapisha hesabu zao: juu ya njia hiyo radi zilifikia mara mbili ya zile za maeneo ya jirani.

Januari 1, 2020, kiwango cha juu cha salfa katika mafuta ya meli kilishushwa kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Meli ziliendelea kupita, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2025 ulionyesha kuwa radi katika njia za karibu na Singapore zimepungua karibu nusu.

Mkulima asiharakishe kubadili msimu wake wa kupanda. Kilichohesabiwa ni radi za baharini, si mvua ya shambani.

Mafuta ya zamani nayo hayajatoweka. Meli iliyofungwa mtambo wa kuosha moshi inaruhusiwa kuyachoma, na bandarini Singapore bado yanauzwa.