Jasi ya Itigi na Sura za Wasanii Wetu

Itigi, katika Wilaya ya Manyoni, Mkoa wa Singida, ni kituo cha Reli ya Kati. Ardhi yake ina jasi, ambayo huchimbwa na kupelekwa katika viwanda vya saruji, ambako kiasi kidogo huizuia saruji isigande upesi mno. Hiyo ni kazi ya heshima, wala hatuidharau. Lakini jasi hiyo hiyo ikisagwa na kuokwa kwa joto la nyuzi 150 hivi, kisha ikakorogwa na maji, huganda kwa dakika chache na kushika kila mkunjo wa uso. Mchongaji hufinyanga kichwa kwa udongo, hutoa kalibu, ndipo humimina plasta. Camille Claudel wa Ufaransa alikifinyanga kichwa cha Auguste Rodin, mwalimu wake. Rodin alifariki mwaka 1917, na hadi leo watoto wa huko wanazijua ndevu zake.

Sisi je? Michoro ya miambani ya Iramba, na ile ya jirani zetu wa Kondoa iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, haina jina wala sura ya mchoraji hata mmoja. Hao tumewakosa, na hatuna wa kumlaumu. Lakini Edward Saidi Tingatinga si mtu wa kale. Alifariki Dar es Salaam mwaka 1972, na tayari kijana akilisikia jina hilo hufikiria kwanza mtambo wa kusawazisha barabara.

Ndugu zetu wa Visiwani watatukumbusha jambo, nasi tuliokaa chuoni na juzuu mkononi tunalijua: sanamu ya kiumbe ina maneno kwa wanavyuoni. Hatulipuuzi. Fundi wa pwani alionyesha ustadi wake kwa chokaa, katika vidaka vya kuta, bila kuchonga jicho wala pua. Basi asiyetaka kichwa cha Siti binti Saad, aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928, na aihifadhi sauti yake na picha yake kwa uangalifu ule ule. Wala asidhani kuta zatosha: Beit al-Ajaib, nyumba ya makumbusho, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba, 2020.

Kwa maofisa wa utamaduni tunasema: shaba ni ghali, tusiisubiri. Plasta huchukia unyevu, na hewa kavu ya Singida ni rafiki yake. Panahitajika jasi, udongo wa mfinyanzi, chumba kisichovuja, na mchongaji aliyelipwa ujira wake kwa wakati. Kazi ianze na wasanii walio hai, ambao bado wanaweza kukaa kitini mbele ya mfinyanzi. Kwa waliotangulia hatuna budi kuwaendea jamaa zao na picha zilizopauka. Na chini ya kila kichwa yaandikwe majina mawili, la mwenye sura na la aliyeifinyanga.